Picha ya Moyo kwa Mashine ya CT: Jinsi ya Kupunguza Miali

Ndugu mkulima wa Katilu, wa Turkwel, na wewe wa Kalobeyei karibu na Kakuma: siku hizi mtu akibanwa na kifua kila anapolima, daktari wa Lodwar aweza kumtuma mbali, pengine Eldoret au Nairobi, akapigwe picha ya mishipa ya moyo kwa mashine ya CT. Wako wanaokataa kwenda kwa kuogopa miali. Wako pia wanaoidai picha hiyo hata kama daktari hakuona haja. Wote hao hujidhuru. Picha ikihitajika, usiikose. Lakini miali iwe kidogo iwezekanavyo, na wewe mwenyewe unayo kazi katika jambo hilo.

MIALI HIYO NI NINI?

Mashine ya CT hutumia miali ya eksirei, ileile inayotazamia mfupa uliovunjika. Lakini huuzunguka mwili na kupiga picha nyingi, kwa hiyo miali yake ni mingi zaidi. Haionekani, haiumi, wala haibaki mwilini mashine ikizimwa. Hata hivyo yaweza kuharibu chembe za mwili, na baada ya miaka mingi kuleta kansa. Hatari ya picha moja ni ndogo, lakini kila picha huongeza kidogo, na vijana huhatarika zaidi kuliko wazee.

Miali hupimwa kwa milisiverti. Kwa wastani wa dunia, kila mtu hupata kama milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Mwaka 2007, hospitali za nchi nyingi zilipopimwa, picha moja ya mishipa ya moyo ilikuwa na kama milisiverti 12, yaani zaidi ya miali ya miaka minne. Zilipopimwa tena mwaka 2017, miali ilikuwa imepungua kwa zaidi ya robo tatu. Ilipunguaje?

FUNGUA MFEREJI KWA ZAMU

Moyo hautulii. Zamani mashine ilitoa miali muda wote moyo ukidunda, kisha wataalamu wakachagua picha nzuri na kuziacha nyingine. Ni kama kuacha mlango wa mfereji wazi usiku kucha kwa ajili ya jaruba moja la mtama. Sasa nyaya hubandikwa kifuani kusoma mapigo, na miali hufunguliwa kwa nafasi fupi tu, moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Tena mtu mwembamba hupigwa kwa miali hafifu kuliko mtu mnene, na sehemu inayopigwa huishia kwenye moyo, isienee kifua kizima.

Lakini moyo ukienda mbio, nafasi hiyo ya utulivu hukosekana, na mashine hulazimika kuongeza miali. Wataalamu hupenda mapigo yasizidi 60 hivi kwa dakika. Ndiyo maana huenda ukapewa dawa ya kuutuliza moyo.

KAZI YAKO WEWE

1. Usinywe kahawa wala chai ya rangi siku hiyo, na usitafune miraa. Vyote huharakisha moyo.
2. Fika mapema upumzike. Safari ya kutoka Kakuma kupitia Lodwar na Kitale ni ndefu na huchosha.
3. Jizoeze kuzuia pumzi kwa sekunde kumi na tano bila kutikisika. Ukitikisika, picha huharibika na huenda ikarudiwa.
4. Mwambie daktari kama una pumu, kwa kuwa dawa ya kutuliza moyo yaweza kukudhuru. Mwambie pia kama una ugonjwa wa figo, au kama dawa ya kung'arisha mishipa iliwahi kukudhuru.
5. Mama, ukiwa na mimba au ukishuku kuwa nayo, sema kabla ya kuingia.

SI KILA PICHA INA MIALI

Watu wa Turkana wanalijua jambo hili kuliko wengi. Katika miaka ya 1980, shirika la AMREF lilipopambana na uvimbe wa maji uletwao na mnyoo wa mbwa, wapimaji walizunguka vijijini na mashine ndogo ya altrasaundi. Mashine hiyo hutumia sauti isiyosikika, haina miali hata kidogo, na ilionyesha uvimbe ndani ya ini bila kupasua mtu.

Moyo nao hupimwa kwa sauti hiyohiyo. Huonyesha vizuri milango ya moyo na nguvu yake ya kusukuma damu, na kwa mtoto aliyeharibiwa milango hiyo na homa ya baridi yabisi, ndicho kipimo cha kwanza. Lakini haionyeshi vema mishipa iliyoziba. Hapo ndipo CT inapohitajika.

Basi muulize daktari: Picha hii itabadili matibabu yangu? Kipo kipimo kisicho na miali kitakachotosha? Ile niliyopigwa zamani haitoshi? Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo. Na chini ya sheria ya mwaka 2019, Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya ndiyo inayotoa leseni za mashine za eksirei na kuzikagua.

Tunza kila picha na barua yake pamoja na hati zako muhimu, na uende nazo kila hospitali. Picha iliyopotea hupigwa tena, na miali yake hubebwa na mwili wako. Lakini kifua kikikubana ghafula nawe umepumzika, usingoje maswali yoyote: kimbilia hospitali iliyo karibu saa ileile.