Bunduki za shabaha: Nafasi nyembamba kama unywele

Kila mwezi wa Julai, walenga shabaha kutoka nchi mbalimbali hukusanyika Bisley, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza. Mashindano hayo, yaliyoanzishwa Wimbledon mwaka 1860 na kuhamia Bisley mwaka 1890, humtaka mshindani kupiga shabaha iliyo umbali wa hadi yadi 1,000, yaani mita 914. Kwa umbali huo, duara jeusi analolenga lina alama yake ya juu ndani ya upana wa takriban sentimita 60 tu.

Watazamaji husifu jicho kali na mkono uliotulia. Fundi wa bunduki, hata hivyo, hutazama kwanza mahali pasipoonekana: ndani ya chemba, ambamo ganda la shaba hulala kabla ya kufyatuliwa. Nafasi iliyopo kati ya ganda na ukuta wa chemba mara nyingi hukaribia unene wa unywele wa binadamu. Ikikosewa, kinachopotea huenda kisiwe alama peke yake, bali jicho la mpigaji.

Kazi ya ganda

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti iliyo ndani, na kichwa cha risasi kilichobanwa na shingo ya ganda. Pini inapogonga fataki, baruti huwaka na kugeuka gesi. Katika risasi ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952 na inayofanana sana na ile ya milimita 7.62 ya majeshi ya NATO, viwango vya Ulaya huruhusu shinikizo la hadi bar 4,150. Hilo ni zaidi ya mara elfu nne ya shinikizo la hewa tunayoivuta.

Kwa nguvu hiyo, kuta za ganda hutanuka na kushikamana na chemba, zikaziba njia ili gesi isirudi nyuma kumwelekea mpigaji. Shinikizo likishuka, ganda hunywea kidogo na kuweza kutolewa. Ndiyo sababu ya kutumia shaba ya njano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo ni laini kiasi cha kutanuka bila kupasuka, lakini yana nguvu kiasi cha kujirudi.

Kwa nini pawe na nafasi

Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza maganda mawili yaliyo sawa kabisa, wala chemba mbili. Kwa hiyo kila kipimo huwekewa mipaka ya chini na ya juu. Kwa .308, viwango vya Marekani vinataka urefu kutoka uso wa komeo hadi alama maalumu kwenye bega la chemba uwe kati ya milimita 41.40 na 41.66. Ganda lenyewe huruhusiwa kuwa kati ya milimita 41.33 na 41.50. Ganda fupi kuliko yote likiingia katika chemba ndefu kuliko zote, hubaki pengo la milimita 0.33, na bado vyote viwili vimo ndani ya sheria.

Bunduki za kijeshi huachiwa nafasi pana kwa makusudi, kwa kuwa hazina budi kufanya kazi katika vumbi, tope na joto. Bunduki ya G3, ambayo polisi wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi, imechongwa hata vifereji ndani ya chemba ili gesi ipite pembeni na kulegeza ganda. Maganda yake huanguka yakiwa na mistari ya masizi ubavuni.

Mlenga shabaha hana haja hiyo. Yeye hupakia risasi moja moja, katika bunduki iliyo safi. Anachotaka ni kichwa cha risasi kianze safari yake katikati kabisa ya mtutu, na ganda lililolegea linaweza kukielekeza upande.

Hatari ya kulegea

Chemba ikiwa ndefu kuliko ganda, sehemu ya mbele ya ganda hushika ukuta huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kwenye komeo. Ganda huvutika mahali pamoja, juu kidogo ya kitako, na ukuta wake hapo huwa mwembamba.

Mara ya kwanza huenda pasionekane dosari. Lakini wapigaji wengi hujaza upya maganda yao, na kila mara huyarudisha katika umbo kwa kuyapitisha kwenye kalibu. Kalibu ikilisukuma bega nyuma mno, ganda huwa fupi na kuvutika tena. Haba na haba hujaza kibaba: siku moja ganda hukatika vipande viwili na gesi hutafuta njia ya kutokea.

Dalili yake ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na kitako. Wapigaji makini huingiza waya uliopindwa ncha na kupapasa ndani. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo hutupwa. Kinga ni kupima ganda lililokwisha pigwa katika bunduki ileile, kisha kurudisha bega nyuma kwa milimita 0.025 hadi 0.05 tu.

Hatari ya kubana

Wapo wanaodhani kwamba chemba ikizidi kubana ndivyo usahihi unavyoongezeka. Sivyo. Shingo ya ganda inahitaji nafasi ya kufunguka ili ikiachie kichwa cha risasi. Baadhi ya washindani huchonga shingo za maganda ziwe nyembamba, wakabakiza nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Mtu mwingine akiweka katika chemba hiyo risasi ya kawaida ya dukani, yenye shingo nene, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Kwa ajili hiyo mafundi wengi huchapa kipimo cha shingo juu ya mtutu, ili hata atakayeirithi bunduki akijue.

Shaba nayo hukumbuka ilivyotendewa. Enzi za utawala wa Uingereza nchini India, maganda yaliyohifadhiwa yalikuwa yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Mwaka 1921, wanasayansi Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo chake: amonia iliyotokana na mkojo na samadi ya farasi, ikishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake. Tiba ilikuwa kuipasha shaba moto kwa kiasi. Hadi leo wapigaji hupasha moto shingo za maganda, lakini si kitako, kwani kitako kikilainika hakiwezi tena kuhimili shinikizo.

Kabla ya bunduki kwenda uwanjani, fundi huingiza geji mbili ndani ya chemba, moja baada ya nyingine. Juu ya geji ya kwanza, komeo lazima lifungike. Juu ya ile ya pili, iliyo ndefu kidogo, lazima likatae.