Kazi kwenye mashirika ya kutetea haki Kolwezi: nani anaajiriwa, kufanya nini, na kwa muda gani?

Hapa Kolwezi, mtu akisema anatafuta kazi, wengi wanafikiri migodi moja kwa moja. Udereva wa lori, ufundi, ulinzi, ao kazi ya siku kwa kampuni ya sutretansi. Lakini kuna mlango mwingine ambao vijana wenye diplome ya sheria wanaugonga: mashirika yasiyo ya serikali, ONG, yanayosaidia wakaaji mbele ya kampuni, ya serikali na ya korti.

Matangazo yanapita kwenye WhatsApp: "ONG inatafuta mwanasheria", "tunahitaji wachunguzi wanne kwa siku kumi". Wanaoyasoma si watu wa Lualaba peke yao. Kuna waliosomea Bukavu, Goma ao Uvira, vita ikawasukuma mpaka huku. Kwa hiyo tueleze: kazi hii ni ya namna gani, nani anailipa, na namna gani ya kutofautisha tangazo la kweli na mtego wa wezi.

Kwa nini kazi hii iko Kolwezi

Lualaba ilikuwa jimbo mwaka 2015, wakati Katanga iligawanywa mara nne. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka huku, kuzunguka Kolwezi na Fungurume. Pale mgodi unapopanuka, kuna nyumba na mashamba. Kuna maji ya mto, kuna mishahara, kuna makreseri wanaochimba kwa mikono. Kila kimoja kinaweza kuzaa mgogoro, na mgogoro unaomba mtu wa kuuandika vizuri.

Tuangalie ripoti zilizojulikana. Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch, shirika la Kongo, walitoa ripoti juu ya watoto na wakubwa wanaochimba kobalti kwa mikono. Novemba 2021, RAID ya Uingereza na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha Kolwezi, walitoa ripoti juu ya hali ya wafanyakazi kwenye migodi mitano mikubwa ya viwanda. Septemba 2023, Amnesty na IBGDH, shirika lingine la Kolwezi, walieleza namna watu walivyohamishwa kwa nguvu juu ya migodi. Kwa ripoti hiyo waliongea na watu zaidi ya 130 kuzunguka miradi sita. Machi 2024, RAID na Afrewatch walirudi na ripoti juu ya uchafuzi wa maji.

Kila mara majina ni mawili: moja la ng'ambo na moja la hapa. La ng'ambo linaleta franga na linafungua milango ya Ulaya na Marekani. La hapa linaleta mtu anayejua njia ya kufika kijijini, anayejua saa gani mama wanarudi kutoka shamba, na shefu gani wa kusalimia kwanza. Huyo mtu ndiye anayetafutwa kwenye tangazo.

Kazi zenyewe ni zipi?

Wengi wanafikiri ONG ya haki inaajiri avoka tu. Kwa kweli, kwa kanuni, avoka aliyeandikwa kwenye baro haruhusiwi kuwa mwajiriwa wa mshahara chini ya bosi. Mashirika mengi yanamlipa avoka kwa kesi, kwa makubaliano maalum. Nafasi za mshahara zinawaendea wengine:

Mwanasheria wa shirika. Anapokea watu ofisini, anasikiliza, anasoma karatasi zao, anatayarisha dosye na kuipeleka kwa avoka, kwa mkaguzi wa kazi ao kwa kampuni. Anaombwa diplome ya sheria na uwezo wa kuandika Kifaransa safi.

Mchunguzi. Anaenda vijijini na kwenye karieri kuuliza maswali na kuandika majibu. Mara nyingi mkataba wake ni wa siku chache. Diplome si lazima iwe ya sheria.

Mtu wa plaidoyer. Anachukua yale yaliyoandikwa na kuyapeleka kwa gavana, wabunge, kampuni na wanahabari. Anahitaji kuijua sheria ya migodi ya 2002 kama ilivyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Kwa mfano, sheria hiyo inaomba kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Watu wengi wa vijiji wamesikia hiyo namba, lakini hawajui komite gani inasimamia hizo franga wala kahie de sharji inasema nini.

Parajuriste. Huyu anakaa mtaani ao kijijini kwake. Amefunzwa misingi ya sheria ili awaelekeze majirani: hii ni ya tribinali, hii ni ya shefu, hii inaombwa kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Mara nyingi halipwi mshahara, anapewa transporti na mafunzo.

Mhasibu, mtu wa logistike, dereva, mtu wa ufuatiliaji na tathmini. Hizi nafasi zinasahauliwa, na ni humo wenye diplome zisizo za sheria wanapata kazi. Shirika lisiloweza kuonyesha fakture zake kwa mfadhili linafungwa, hata kama wanasheria wake ni hodari.

Lugha nayo ni diplome. Ripoti inaandikwa kwa Kifaransa, lakini ushuhuda unatoka kwa Kiswahili, Kilunda, Kisanga ao Kiluba. Anayetoka Kivu na Kiswahili chake atasikilizana na watu wa Kolwezi, ila atachukua muda kuzoea maneno ya huku. Asione haya kuuliza: "Papa, hilo neno lina maana gani?" Ni bora kuliko kuandika kitu kingine.

Kusikiliza na kuandika

Kwenye mtihani wa kuajiriwa, mashirika mengi yanatoa hadithi fupi na kuomba ukurasa mmoja. Mama mmoja anasema shamba lake lilichukuliwa. Wewe utamwuliza nini? Anayeanza kwa kutaja vifungu vya sheria anaweza kushindwa na yule anayeuliza: Shamba lilikuwa wapi? Nani alilipima, siku gani? Kulikuwa na nini ndani, mihogo, mahindi, miti ya matunda? Karatasi gani ulitia kidole? Nani mwingine aliona? Ulipewa ngapi, kwa mkono ao kwa benki? Na swali la mwisho: unakubali jina lako liandikwe, ao hapana?

Namna hiyo ya kuandika ina uzito. Desemba 2019, familia za watoto waliokufa ao kuumia kwenye machimbo ya kobalti ya Kongo zilishitaki kampuni tano kubwa mbele ya korti ya Washington: Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla. Habari za vijiji vyetu zilifika mbali hivyo. Lakini korti ilikataa mashitaka, na Machi 2024 korti ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Ilisema kununua kobalti kupitia mlolongo mrefu wa wauzaji hakutoshi kuonyesha kama hizo kampuni zilikuwa kwenye shughuli moja na wale waliowatumikisha watoto.

Kwa anayetafuta kazi hii kuna somo. Utakutana na watu waliopoteza mtoto, nyumba ao mguu. Watakuuliza: "Tutalipwa lini?" Hauna ruhusa ya kuahidi. Mfanyakazi anayeahidi ili apate ushuhuda mzuri anaharibu kesi, na yule atakayekuja kisha yeye atakuta milango imefungwa.

Franga zinatoka wapi, na zinaisha lini

Karibu mashirika yote haya yanaishi kwa miradi. Mfadhili anatoa franga kwa mwaka mmoja, miwili ao mitatu, na mshahara wako umeandikwa ndani ya bajeti hiyo. Mradi ukiisha, kazi inaisha.

Tuliliona hilo mwaka 2025. Tarehe 20 Januari, rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje. Tarehe 1 Julai, USAID ilifunga rasmi kazi zake. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa wa misaada katika Kongo, na mashirika ya pande nyingi za nchi yaliwaacha wafanyakazi katikati ya mkataba. Leo nafasi ni chache kuliko zamani, na wanaozigombania ni wengi zaidi.

Kwa hiyo soma mkataba mbele ya kutia sinyatire. Kodi ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inakulinda hata ndani ya ONG. Mkataba wa muda maalum hauwezi kupita miaka miwili. Kama umeoa ao umeolewa na kazi inakutenga na familia yako, hauwezi kupita mwaka mmoja. Hilo linawahusu sana wanaoacha bibi na watoto Bukavu ao Kalemie kuja kufanya kazi Kolwezi. Muda wa majaribio nao una mwisho: mwezi mmoja kwa kazi isiyoomba ujuzi, miezi sita kwa zingine. Anayekuweka kwenye majaribio mwaka mzima anavunja sheria, hata kama ofisi yake inaitwa ya haki za binadamu.

Uliza maswali manne: Mradi unaisha tarehe gani? Mshahara ni kabla ao kisha kukata kodi na CNSS? Nikienda kijijini, nani analipa njia, na bima iko? Mradi ukikatika, nitaambiwa siku ngapi mbele? Shirika zuri halikasiriki kwa maswali haya.

Tangazo la kweli na mtego

Tangazo la kweli lina jina kamili la shirika, anwani, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya mwisho na namna ya kutuma dosye. Linaomba barua, CV, nakala ya diplome na watu watatu wa kutoa ushuhuda juu yako. Mengine yanaomba kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, ao karatasi ya kuonyesha hauna hukumu. Mengi yanapita mediacongo.net, kwenye mbao za ofisi, na kwenye mikutano ya mashirika ya kiraia.

Mtego unajulikana kwa jambo moja: franga. "Tuma dola ishirini za dosye kwa M-Pesa." "Lipa mafunzo kwanza, kazi utapata kisha." "Bosi anataka umpe mshahara wa mwezi wa kwanza." Shirika la haki halimuuzii mtu kazi. Ukiombwa kulipa, ao mtu akiomba mwili wako ili akupe nafasi, usimjibu: weka ujumbe wote, na upeleke habari kwenye ofisi yenyewe ya shirika. Mashirika mengi yanayofadhiliwa kutoka ng'ambo yana namba ya kutoa mashitaka ya namna hiyo. Na mbele ya kutuma nakala za karatasi zako, nenda kwa mguu uone ofisi. Kolwezi si mji mkubwa hivyo. ASBL ya kweli ina karatasi za kuandikishwa kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 2001, na inaweza kukuonyesha.

Kazi yenye hatari

Hatuwezi kuficha hili. Anayeandika juu ya franga za migodi anaweza kupigiwa simu usiku, kuitwa na idara ya usalama, ao kufukuzwa kwenye karieri. Tarehe 15 Juni 2023 Kongo ilipata sheria namba 23/027 inayolinda watetezi wa haki za binadamu, na inayowapa madaraka pia: wajulikane kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, na waheshimu sheria ndani ya kazi yao. Uliza shirika kama wafanyakazi wake wamejulikana huko, na daftari za ushuhuda zinawekwa wapi. Jina la shahidi likianguka mikononi mwa mtu mbaya, yeye ndiye atalipa wa kwanza, kabla yako.

Kwa asiyekuwa na uzoefu

"Wanaomba miaka mitatu ya uzoefu, mimi nimetoka chuo juzi." Lalamiko hilo ni la haki. Njia ya kawaida ni kuanzia chini: staji kwenye kituo cha msaada wa sheria, siku chache za uchunguzi, ukatibu wa komite ya mtaa, ao uparajuriste. Baro nayo ina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo, na avoka wa staji wanajifunza humo. Weka alama ya kila kazi uliyofanya: tarehe, mahali, watu wangapi ulisikiliza, ripoti gani uliandika. Hayo yanaonekana kwenye CV kuliko sentensi ya "nina moyo wa kusaidia".

Na kwa ONG zenyewe kuna swali. Mkataba wa mwanasheria unaisha kwa miezi kumi na miwili, lakini kesi ya shamba inaweza kuchukua miaka mitano. Mradi ukifungwa, gari linarudi Lubumbashi ao Kinshasa, na mama wa Kapata anabaki na karatasi zake mkononi. Anayebaki karibu naye ni parajuriste wa kijiji, yule aliyekuwa halipwi. Kama mashirika yanataka dosye zisife pamoja na bajeti, yaweke franga kidogo juu yake, na yamwachie nakala ya kila kitu. Na wewe unayetafuta kazi, siku utakapoipata, anza kwa kumtafuta huyo mtu. Anajua kesi ilifika wapi.