Kutenga Akaunti za Watoto katika Tarakilishi ya Nyumbani

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za wasomi, tarakilishi ni moja ilhali watumiaji ni wengi. Tasnifu ya mama huhifadhiwa papo hapo palipo na michezo ya mtoto wa miaka saba. Sura ya tatu ikifutika jioni moja, lawama humwangukia mtoto. Makala haya yanashikilia kwamba kosa huwa la mpangilio, na kwamba kila mtumiaji anastahili kutengewa akaunti yake.

Akaunti na Mamlaka

Akaunti si jina na picha tu vinavyoonekana tarakilishi inapowashwa, bali ni mipaka ya mamlaka. Msimamizi anaweza kusimika programu, kubadilisha mipangilio ya mfumo mzima na hata kufungua makabrasha ya wengine. Mtumiaji wa kawaida hutawala faili zake tu. Kwa sababu hiyo, programu haribifu ikiingia kupitia akaunti ya mtoto, kwa kawaida hurithi mamlaka ya mtoto. Lau mtoto angekuwa msimamizi, ingeupata mfumo mzima.

Mipaka hii haikuwako tangu mwanzo. Katika Windows 95, kisanduku cha kuulizia nywila kiliweza kukwepwa kwa kubonyeza kitufe cha Esc. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta mipaka halisi majumbani, lakini akaunti zilizoundwa wakati wa kuusimika mfumo huo zote zilikuwa za wasimamizi. Ni sawa na kuitia nyumba milango kisha kumpa kila mtu ufunguo wa vyumba vyote.

Utaratibu

Kwanza, mzazi huitia nywila akaunti yake ya msimamizi. Bila hiyo, yanayofuata ni kazi bure. Pili, katika sehemu ya mipangilio ya akaunti, humwundia kila mtoto akaunti ya mtumiaji wa kawaida. Tatu, huhamishia kazi zake katika kabrasha lake binafsi, kwani zilizo katika kabrasha la umma hufikiwa na watumiaji wote. Nne, hufunga akaunti kila anapoondoka mezani. Katika Windows, hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Hata hivyo, akaunti haizuii diski kuharibika, hivyo nakala ya tasnifu ihifadhiwe pia nje ya tarakilishi hiyo.

Ulinzi na Uaminifu

Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ilimwezesha mzazi kuweka saa za matumizi na kupata taarifa za shughuli za mtoto. Hapa ndipo busara inapohitajika. Mtoto wa miaka saba huhitaji kuwekewa saa. Kijana wa miaka kumi na sita akigundua kwamba anafuatiliwa kwa siri, hujifunza kuficha. Ni heri aelezwe mapema kinachozuiwa na sababu yake.

Hitimisho

Akaunti tofauti huilinda kazi ya mzazi na kumwepusha mtoto na lawama za makosa ambayo mfumo ungeweza kuyazuia. Pia humpa mtoto mahali pake pa kutunza kazi zake. Malezi yenyewe yangali mikononi mwa mzazi: mlango hufungwa kwa nywila, lakini mtoto hulelewa kwa mazungumzo.