Mapigo 300 kwa Dakika

Mwaka 2017, lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes yenye makao yake Kampala ilitoa albamu iitwayo Sounds of Sisso. Ilikusanya kazi za vijana wa Mburahati, Dar es Salaam, waliokuwa wakitengeneza singeli katika studio ndogo ya uswahilini. Kwa mkazi wa Mburahati, Tandale au Manzese hapakuwa na jipya: muziki ule aliusikia kwenye vigodoro, zile shughuli za mtaani zinazokesha hadi alfajiri. Huko Ulaya mambo yalikuwa mengine kabisa. Wachambuzi waliozoea kufuatilia muziki wa kielektroniki wa Berlin na London walishangaa kwamba kuna mahali watu wanacheza mdundo wa kasi ile, tena harusini, huku bibi na wajukuu wakiwa uwanja mmoja.

Wachambuzi hao waliuita muziki wa majaribio. Maana yake ni muziki unaotungwa, mara nyingi kwa mashine, bila kufuata njia iliyozoeleka: haulazimiki kuwa na ubeti na kiitikio, wala sauti tamu ya mwimbaji, na pengine hauna hata mdundo. Mtunzi anatafuta sauti ambayo bado haijasikika. Kwa kipimo hicho, Mburahati ilikuwa imeshafanya majaribio kwa miaka mingi kabla jina hilo halijaifikia.

Mizizi ya singeli iko kwenye mchiriku, ambao wengine huuita mnanda. Vijana wa Dar es Salaam walichukua ngoma za Kizaramo, wakaongeza vinanda vidogo vya Casio na kuvipitisha kwenye spika zilizochoka, hata mlio ukatoka umekwaruzika. Mkwaruzo huo ukapendwa, ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Kompyuta zilipoingia mitaani, kazi ya kinanda ikahamia kwenye programu. Kipande cha taarabu kilikatwa, kikaongezwa kasi na kurudiwa-rudiwa bila kukoma, na juu yake emsii akamwaga maneno kuhusu kodi ya nyumba, mapenzi na majirani wambeya.

Kasi ndiyo inayomshtua mgeni. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Muziki wa disko za Ulaya huzunguka kwenye mapigo 120 hadi 130. Singeli huanzia karibu na 200, na wapo wanaoifikisha 300. Mapigo yakiwa mengi kiasi hicho, sikio huacha kuyahesabu moja moja. Ngoma inakaribia kuwa mkondo mmoja mrefu, na mchezaji anachagua mwenyewe aufuate kwa miguu, kwa mabega au kwa kiuno.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Kompyuta ya mezani iliyotumika, programu ya FL Studio, kipaza sauti kimoja na spika. Wapo wanaobonyeza herufi za kompyuta kama vitufe vya kinanda, jukwaani mbele ya watu, vidole vikikimbia kuliko macho yanavyoweza kufuata. Mtu aliyezoea kuamini kwamba studio ni chumba chenye vioo na mitambo ya mamilioni anapaswa kuutazama ukweli huu vizuri, kwa sababu ndio uliozaa mfululizo wa albamu zinazojulikana leo duniani: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Mateso ya Sisso, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, zote za 2019, Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022, kisha Singeli ya Maajabu ya Sisso na Maiko mwaka 2024.

Lakini biti si albamu, na hapa ndipo kazi isiyoonekana inapoanza. Mtaani wimbo wa singeli unatengenezwa usiku, kesho unakuwa kwenye simu ya DJ, na wiki inayofuata umeshazeeka. Umesambaa kwa kadi za kumbukumbu na kwa Bluetooth, mara nyingi bila jina la mtunzi. Albamu inadai kinyume chake. Nyimbo zichaguliwe na kupangwa ili msikilizaji aliye peke yake chumbani, asiye na ngoma wala umati wa kumbeba, asichoke njiani. Majina yaandikwe sawasawa: nani alitengeneza biti, nani alitia sauti, kipande hiki kimetoka wapi. Faili za awali ziwepo, kila chombo peke yake, kwa sababu mtengenezaji aliyebaki na nakala moja tu iliyobanwa hawezi tena kushusha ngoma bila kushusha na sauti.

Baada ya hapo kazi inakwenda kwa fundi wa mastaringi. Huyu hatungi kitu. Anasawazisha nguvu ya sauti kutoka wimbo hadi wimbo, na kuhakikisha besi inasikika kwenye simu na haipasui spika za ukumbini. Albamu ikitolewa kwa santuri masharti yanaongezeka. Upande mmoja wa santuri kubwa hubeba takriban dakika 20 kwa ubora mzuri, na besi nzito huhitaji mfereji mpana, kwa hiyo kadiri mdundo ulivyo mzito ndivyo nafasi inavyopungua. Muziki uliozaliwa kukesha unabidi ukatwe uingie humo.

Kisha huja siku ya kutoa. Kwa muziki wa aina hii mtandao wa Bandcamp, ulioanza mwaka 2008, umekuwa soko kuu. Msikilizaji hununua albamu moja kwa moja, na akitaka hulipa zaidi ya bei iliyoandikwa. Mtandao hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya santuri, kaseti na fulana. Kinachobaki, baada ya gharama za malipo, huenda kwa msanii au lebo yake. Hivyo wanunuzi mia chache waliotawanyika Japani, Ujerumani na Marekani wanaweza kumfaa mtunzi asiyewahi kuchezwa redioni kwao. Kwenye mitandao ya kusikiliza bure, idadi hiyo ya watu haileti hata pesa ya vocha.

Si lazima majaribio yawe kelele. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, anakwenda upande wa pili kabisa. Hutoka na kinasa sauti, akanasa upepo, barabara, wadudu na mivumo ya umeme ambayo hulipita sikio la kawaida, kisha huvinyoosha kwenye kompyuta hadi viwe mawimbi marefu yanayosogea polepole. Albamu yake Peel ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego, na haina ngoma hata moja. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru mwingine, mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na amejitwika pia kazi ya kuzitoa upya nyimbo za babu yake.

Mwaka 2022 KMRU alitoa Temporary Stored, albamu iliyotokana na rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sauti za watu wa bara hili ziliwekwa kabatini Ulaya kwa miaka mingi, mbali na wenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo albamu ambayo kijana wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, angepaswa kuisikiliza kwanza, kabla hata ya singeli.

Sababu iko chini ya miguu yake. Kata ya Endabash iko kusini mwa mji wa Karatu, katika nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji wanaosema lugha ya jamii ya Kikushi. Ukielekea Ziwa Eyasi unakutana na Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kinailoti, na Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko isiyo na ndugu wa karibu popote. Ongeza Wabantu waliohamia, na una eneo dogo lenye utajiri wa sauti ambao si rahisi kuupata kwingine Afrika. Wairaqw wana slufay, maombi ya kishairi ambayo mzee huyaongoza na waliokusanyika humwitikia. Wahadzabe wana epeme, ngoma ya usiku usio na mwezi, ambapo gizani mwanamume hucheza na njuga mguuni huku wanawake wakiimba.

Mtunzi wa kielektroniki akisikia mwitikio wa watu wengi kwa sauti ya chini, au njuga moja gizani, anajua kwamba ameshika mali. Na njia ya kuitumia kwa heshima ipo. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, walitoa albamu ya Maisha kupitia lebo ya Real World ya Uingereza. Ilirekodiwa Bagamoyo. Zeze, marimba na ngoma za Kigogo zimekutana na mashine humo, lakini wenye ngoma ndio wenye jina kwenye jalada.

Si mara zote mambo huwa hivyo. Epeme ni ibada kwa wenyewe, na si kila kinachosikika ni cha kurekodiwa. Hata kinachoruhusiwa kina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, na imezigusa pia sanaa za jadi zinapotumika kibiashara. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo inayosajili kazi, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo linalosimamia wasanii. Prodyuza anayekata sekunde nne za sauti ya mzee na kuzirudia kwa dakika tano ametumia mali ya mtu kwa dakika tano.

Kwa hiyo vijana wa Endabash, Mang'ola na Karatu mjini wenye kompyuta na hamu, anzeni. Simu inatosha kunasa sauti za kwanza, na programu za kujifunzia zipo za bure. Hifadhini faili za awali mahali pawili. Andikeni jina la kila aliyeimba na aliyepiga, kubalianeni mgawo kwa maandishi na mbele ya shahidi kabla kinasa sauti hakijawashwa, na sajilini kazi kabla ya kuipeleka kwa lebo yoyote, ya ndani au ya nje.