Kalemie: Tulinunua bateri tatu, kumbe ubaya ulikuwa ndani ya fili

Usiku ule tulikuwa tunarudi Kalemie kwa njia ya Nyunzu, na mtu wetu amelala nyuma. Udongo ulimwangukia shimoni, mguu ukavunjika mara mbili. Fari za Land Rover zikaanza kugeuka nyekundu kama makala ya mbabula, kisha giza. Motere yenyewe iliendelea, juu ni ya mazuti: ikishawaka haiombi umeme tena. Lakini dereva atapita wapi kama haoni? Vijana wakatoa taa zao za kichwa, zile tunaingia nazo shimoni. Mbili wakazifunga kwenye kioo cha mbele, wenye zingine wakatangulia kwa miguu kumulika madaraja. Tulifika hospitali jua limekwisha kupanda. Mguu ulikatwa. Daktari hakusema kama ni juu ya kuchelewa, na sisi hatukuuliza.

Ile gari wengi wenu munaijua. Ni Land Rover Series IIA, zile zilitengenezwa Uingereza tangu 1961 mpaka 1971, na yetu ni ya miaka ya kwanza-kwanza. Kampuni moja ilipofunga milango ilituachia hiyo mahali pa mishahara tuliyokuwa tunadai, njo maana kila mmoja ana neno juu yake. Baada ya usiku ule, mkutano wa sindika ulikuwa moto. Nusu walitaka iuzwe kwa watu wa vyuma, kila mtu apate kitu kidogo. Sisi wa komite, tuseme kweli, tulikuwa karibu kukubali, juu kwa mwaka mmoja tulinunua bateri tatu na zote zilikufa. Mama mmoja akasimama: "Baba delege, muuze tu. Kesho mukimtoa bwana yangu shimoni, mutamleta na kipoyi?" Watu wakanyamaza. Tukapatana mwezi mmoja: isipopona, iuzwe.

Tukamfuata mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme kwenye reli, sasa yuko pansiyo. Alikuja na testeri, msasa na funguo mbili tatu. Hakugusa bateri. Aliwasha fari, akapima: kwenye bateri volti 12 na zaidi, kwenye ampuli ya fari volti 10 na kidogo. "Volti mbili munazipoteza njiani," akasema, "na munalaumu bateri." Volti mbili mtu anaweza kuona ni kitu kidogo. Hapana. Ampuli ya aina ile ikikosa volti mbili, mwanga wake unapungua karibu nusu.

Zinapotelea wapi? Kwanza kwenye masi. Katika gari umeme unaenda kwa fili, halafu unarudi kwa chuma cha gari yenyewe; ile njia ya kurudia njo tunaita masi. Sasa Land Rover mwili wake ni alimini, shasi ni chuma. Ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, njo wakatumia alimini. Lakini alimini na chuma zikigusana, na unyevu wa ziwa kama huu wetu ukiingia katikati, zinakulana na kuacha unga mweupe. Umeme haupiti vizuri ndani ya ule unga. Mzee alitufungulisha kila nati ya masi, tukasugua mpaka chuma king'ae, tukafunga, tukapakaa grasi juu. Akaongeza fili toka kila fari mpaka kwenye shasi, na mkanda mnene wa shaba toka motere mpaka shasi. Jioni ile ile fari zilikuwa zimebadilika, na tulikuwa tumelipa paka pesa kidogo ya fili na msasa.

Ya pili ni dinamo, na hapa njo bateri zetu zilikuwa zinafia. Dinamo ya wakati ule inatoa ampere 22 hivi, tena wakati motere inazunguka kwa nguvu. Fari mbili peke yake zinakula ampere 10. Ongeza taa za nyuma, vifuta-kioo, na zile buji za kupasha motere kabla ya kuwasha. Kwenye goudron inatosha. Kwenye njia zetu, shimo baada ya shimo, motere inazunguka polepole, dinamo haitoi karibu kitu, na bateri inalisha gari peke yake usiku mzima. Bateri zetu tatu hazikuwa mbaya. Zilikufa na njaa.

Tukatafuta alternateri ya Toyota, ya mkono wa pili. Ilikuja na boti toka Kigoma. Hiyo hata kwenye ralanti inatoa kitu, na ikizunguka vizuri inapita mara mbili ile dinamo. Kijana wetu mmoja alikuwa amekwisha kuifunga na anashika fili mkononi wakati mzee alipiga kelele: "Ngoja, mwanangu! Utaiua!" Kumbe gari za Waingereza za miaka ile zilifungwa plus kwenye masi. Alternateri inataka minus kwenye masi. Ukiunga hivyo hivyo, diode zake zinaungua mara moja, na pesa ya sindika imekwisha kuwa moshi. Kwa hiyo kwanza tuligeuza bateri, tukabadilisha fili mbili za amperemetri. Demareri haijali, inazunguka upande ule ule. Radio haikuwepo; mwenye radio ya zamani aitoe kwanza. Boksi ya regulateri ya dinamo tukaiondoa, maana alternateri ina yake ndani. Fili nene ya milimita 10 ikaenda moja kwa moja kwenye bateri. Nyingine nyembamba inapita kwenye ampuli nyekundu ya tablo, na hiyo musiidharau: ikiungua, alternateri zingine haziamki kabisa.

Halafu fizibli. Hapa tulipata haya. Ile gari ilitoka kiwandani na fizibli mbili tu za ampere 35, na fari hazikupita hata kwenye moja. Juu ya hiyo, mmoja wetu alikuwa amefunga karatasi ya sigara mahali pa fizibli. Wote tunafanya hivyo, tusidanganyane. Chini ya tablo tulikuta fili tano zimeshikana kama mzizi, maganda yameyeyuka. Mzee hakufoka, alikata kipande akatuonyesha na kusema kwamba nyuma ya kile kipande ndipo tangi ya mazuti chini ya kiti, na mgonjwa juu yake. Tukaweka boksi ya fizibli nane, na relei mbili za fari. Relei ni hivi: swichi ya zamani inabeba umeme kidogo tu wa kuamsha relei, na ule umeme mzito unatoka bateri kwenda fari kwa njia fupi.

Zile buji za kupasha nazo zilikuwa zimefungwa kwa mstari mmoja, sawa watu wanne wanaopitishiana ndoo: mmoja akianguka, maji hayafiki. Tukaweka aina nyingine, kila moja na fili yake.

Siku ya kuunganisha, kurá haikuwepo mtaani. Tulipasha shaba ya kusouder kwenye mbabula, tukalowesha fili na etain. Bobini ilitoka dukani, imeandikwa China. Etain inatoka kwenye kasiterite, na kasiterite tunaitoa sisi wenyewe ardhini, mabega yakiuma. Zamani Manono walikuwa na fonderi yao. Leo tunauza jiwe kwa kilo, tunanunua etain kwa mita.

Kwa wenye Land Rover, Peugeot 404 au gari nyingine ya wazee: kabla ya kununua bateri, chukueni testeri motere ikiwaka. Volti 14 hivi ni vizuri. Chini ya 13, bateri hailishwi. Juu ya 15, maji yake yatachemka. Halafu wekeni fimbo moja ya testeri kwenye minus ya bateri na nyingine kwenye motere wakati demareri inapiga. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, masi ni mbaya, na bateri mpya haitasaidia.

Mwezi ulipofika, mkutano haukupiga kura, maana gari haikuwepo. Ilikuwa imeondoka saa nane ya usiku kuchukua mama wa kuzaa, na ilirudi kabla ya saa kumi na mbili, fari bado zinawaka. Kitu kimoja kimebaki: taa ya speedometri haitaki. Dereva wetu anasema tuiache, juu speedometri yenyewe ilikufa zamani.