Taa za nyuma zikikataa, anza na masi

Ndugu wanachama, leo tunaacha mihogo kidogo, tuseme juu ya gari inayoibeba. Kamyoneti ya zamani inayotoka Kampene kwenda Kindu usiku, bila taa za nyuma, iko hatari kwa mwenye kusukuma baiskeli, zaidi ikisimama ndani ya matope.

Wengi wanakimbilia kununua ampule. Ngoja kwanza. Ukitia klinyota na taa ya freni inapepesa nayo, ao zote zinawaka kidogo-kidogo, ampule haina kosa: ni masi, ule waya unaorudisha moto kwenye shasi. Kutu na matope vinaukata. Washa taa, chukua kipande cha waya: upande mmoja uguse chuma cha nje cha kikombe cha ampule (si kile cha katikati!), wa pili uguse shasi pale umekwaruza mpaka inang'aa. Taa ikipata nguvu, ugonjwa umeonekana. Zima, fungua bulo ya masi, sugua kwa kisu, kaza, pakaa grese.

Fizibo ikikatika kila mara, tafadhali, hapana kuweka waya wa shaba ao karatasi ya sigara. Ampule 2 za freni za wati 21, kwa bateri ya volti 12, zinakula amperi 3 na nusu tu. Kama zinakata fizibo ya 10, kuna waya umechubuka na unagusa shasi. Tafuteni chini ya karoseri. Shaba haitakatika. Waya wote ndio utawaka, na mawese yenu iko juu yake.