Cha Dukani, cha Mtumba au cha Simu?

Mwaka 2025 Abdulrazak Gurnah alitoa Theft, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ilianza kutoka ikiwa na jalada gumu, kama ilivyo desturi ya wachapishaji wa Uingereza na Marekani: toleo la bei kubwa hutangulia kwa wenye pupa, la jalada laini hufuata baada ya mwaka hivi. Kilichomo ndani hakibadiliki. Mhusika wake Badar anashutumiwa wizi humo na humo. Anayenunua jalada gumu analipia kuwahi, na akiagizia Dar es Salaam analipia pia uzito wa kifurushi. Mimi silipi. Riwaya ya Kiingereza ya mwandishi mwenye jina haipotei, itapatikana mwakani na mwaka wa kesho kutwa, na bei yake itakuwa inashuka.

Bei ikishuka sana, riwaya huishia chini kwenye turubai la mtumba, pembeni mwa barabara za katikati ya jiji, katikati ya John Grisham na Danielle Steel. Huko bei hutajwa kwa kukuangalia viatu. Usiulize kimoja kimoja. Kusanya vitatu vinne, vishike mkononi, ndipo utaje bei ya vyote. Muuzaji hatapenda uvirudishe. Kabla ya kutoa hela fungua katikati uone kama gundi bado imeshika, nusa kama kuna ukungu, halafu nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Doa la chai halina neno. Riwaya ya upelelezi isiyo na karatasi mbili za mwisho ni hasara hata ukipewa bure.

Turubai hilohilo linamwangusha msomaji wa Kiswahili. Vitabu vya mtumba vingi vinatoka nje, na huko nje hakuna anayetupa riwaya za Shafi Adam Shafi. Vya Kiswahili utakavyokuta ni vile vilivyokuwa vya lazima shuleni, Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, na pembezoni mwa kila ukurasa mwanafunzi ameshakuandikia kwa penseli: "tashibiha", "nafasi ya mwanamke", "dhamira ndogo". Wengine hukerwa na maandishi hayo. Mimi huyafuata kuona yaliishia sura ya ngapi.

Kuna na nakala feki. Ukiitazama haraka haina kasoro, lakini picha ya jalada ina ukungukungu, mistari inapanda upande mmoja kama kurasa zilizopigwa fotokopi harakaharaka, na mgongo unapasuka ukiufungua mara ya pili. Bei yake hukaribia ile ya nakala halali, kwa hiyo hata mbahili hana sababu ya kuinunua. Na mwandishi hapati kitu.

Ndiyo maana hesabu yangu ya Kiswahili ni kinyume cha ile ya Kiingereza: kinunue kipya, na kinunue mapema. Nakala huchapwa chache, zikiisha kungoja toleo jingine kunaweza kuchukua miaka. Gurnah mwenyewe ni mfano mzuri. Paradise ya mwaka 1994 unaweza kuibahatisha kwenye mtumba, ila Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, nenda kaitafute dukani. Tuseme kitabu cha namna hiyo umeuziwa shilingi 25,000. Nyumbani mko wanne mnaosoma, kila msomaji amegharimu 6,250, na kitabu bado kipo.

Simu nayo ina bei zake zilizojificha. Simulizi za WhatsApp na Facebook huanza bure, na pale binti anapofungua mlango akutane na asiyemtarajia, mtunzi anakupa namba ya M-Pesa. Baadhi ni tamu kuliko riwaya nyingi zenye jalada, sikatai. Lakini ukiuziwa sehemu kumi kwa 1,000 na kisa kikafika sehemu ya 150, umeshatoa 15,000, na simu ikiibiwa kisa kimekwenda nayo. Ulizia kwanza bei ya "full", na uulize kama mwisho umeshaandikwa.

Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, kinamfaa anayesoma Kiingereza mfululizo. Faili la riwaya isiyo na picha ni dogo, halili bando, na kitabu kinafika siku kinapotoka. Gharama iko kwenye kifaa chenyewe, na huirejeshi kwa vitabu viwili vitatu. Jingine ni kwamba unanunua ruhusa ya kusoma, kitabu si chako. Mwaka 2009 Amazon walifuta nakala za 1984 na Animal Farm ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia, kisa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Hela zilirudishwa. Kitabu cha karatasi unaweza angalau kumwazima shemeji, hata kama hurudishiwi.

Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni rahisi kuliko njia zote kwa vitabu vya zamani na vya rejea. Usiende kutafuta riwaya ya mwezi uliopita.

Aliye Songea au Kigoma aongeze kitu ambacho wa Dar hakioni: nauli ya kifurushi kwenye basi. Kwa kitabu kimoja inauma. Tafuta wenzako watatu, mwagize kwa pamoja, na mkubaliane mapema nani atakwenda stendi kupokea.